Itoe Hadithi Yako Sandukuni

ELIMU YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Somo la Kumi na Nne

Somo lililopita lilihusu namna ya kutunga hadithi fupi kwa maneno yako mwenyewe: kuchagua mtu mmoja, shida moja, na mahali pamoja. Leo twaingia katika jambo ambalo kwa watu wengi ni gumu kuliko kuandika kwenyewe. Nalo ni kumwonyesha mtu mwingine ulichokiandika, na mwisho kukitoa kipigwe chapa ili wakisome watu usiowajua.

Kwanza tutatazama hofu inayomzuia mtu. Pili tutajifunza habari za waandishi watatu. Tatu nitawapa hatua za kufuata. Nne nitataja mambo ya kujihadhari nayo. Mwisho kuna maswali ya kuzungumza darasani.

1. HOFU YATOKA WAPI?

Tuseme katika darasa lenu yumo mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga. Amejua kusoma na kuandika akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Usiku, watoto wakilala, huandika katika daftari hadithi ya mvuvi ambaye mtumbwi wake ulirudi pwani bila yeye. Daftari hilo amelifunga katika kanga na kulitia sandukuni chini ya nguo. Ukimwuliza sababu, atakupa majibu manne:

"Mimi sikusoma sana. Wenye elimu watanicheka."
"Kiswahili changu ni cha nyumbani, si cha vitabuni."
"Majirani watasema nimewaandika wao."
"Nikikataliwa nitaona haya."

Ndugu mwanafunzi, haya si maneno ya mtu mvivu wala mjinga. Maneno ya kinywani hupita na upepo. Maneno ya kalamu hukaa, na kila mtu aweza kuyarudia na kuyapima. Kwa hiyo ni haki mtu aogope kidogo. Lakini wazee wetu walisema: Mficha uchi hazai. Maana yake, mtu asiyekubali kuonekana na yule awezaye kumsaidia hatapata faida anayoitaka. Hadithi nayo haizai mpaka ionekane.

Tena kuna hasara nyingine. Hadithi iliyofichwa haingoji daima. Mchwa hula daftari, mvua hulilowesha, na siku mwenyewe akiondoka duniani, watoto huchana kurasa wakafungia karanga. Yale aliyoyajua yeye peke yake huzikwa naye.

Jambo kubwa la somo la leo ni hili: usingoje ujasiri uje kwanza ndipo utoe hadithi yako. Ujasiri huja nyuma ya kazi. Hupatikana kwa kuitoa hadithi kidogo kidogo, kwa sikio moja, kisha kwa masikio kumi, kisha kwa watu wengi.

2. WATU WATATU WALIOZITOA HADITHI ZAO

Wa kwanza ni Amos Tutuola wa Nigeria. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1920. Alisoma shule kwa muda wa miaka sita tu, kwa kuwa baba yake alifariki na fedha za ada hazikuwapo. Alijifunza uhunzi, na baadaye akapata kazi ya utarishi katika idara ya kazi mjini Lagos. Hapo, penye nafasi kati ya kupeleka barua moja na nyingine, aliandika hadithi za ajabu zilizofanana na zile alizosikia kwa wazee wa Kiyoruba. Mwaka 1952 kampuni ya Faber and Faber ya London ilikipiga chapa kitabu chake, The Palm-Wine Drinkard, yaani habari za mnywaji wa pombe ya mnazi anayekwenda nchi ya wafu kumtafuta mgema wake aliyekufa.

Kiingereza chake hakikuwa cha shuleni. Baadhi ya wasomi wa nchi yake walikasirika, wakaona kwamba kitabu kile kitawaaibisha mbele ya wageni. Lakini mshairi Dylan Thomas alikisifu katika gazeti la Uingereza, na kitabu kikatafsiriwa katika lugha nyingine. Waliomcheka Tutuola walikuwapo kweli. Siwezi kukuambia kwamba hawakuwapo. Ila kicheko chao hakikukizuia kitabu. Sikuelezi habari hii ili uache kujifunza sarufi. Nakueleza ili ujue kwamba miaka michache ya shule si kufuli mlangoni.

Wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mtu wa magazeti. Alizoea kuandika habari za kweli, lakini riwaya ni jambo jingine. Mlango ulifunguka kwa mashindano. Shirika la vitabu lililoitwa East African Literature Bureau lilifanya mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958, na hadithi ya Bwana Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ikapata zawadi ya kwanza. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1960. Ndimo wasomaji walimokutana na Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko, ambaye baadaye alirudi katika vitabu vingine.

Hesabu miaka yake. Alipopata zawadi ile alikuwa karibu na miaka arobaini. Si wewe peke yako uliyeanza mchana. Na angalia faida ya mashindano: yana siku ya mwisho. Mtu anayesema "nitapeleka siku moja" hapeleki kamwe. Lakini akiambiwa "mwisho ni tarehe fulani", hukaa chini akamaliza.

Wa tatu mnamjua wote: Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa kukaa ofisini mchana na kuandika wakati wake mwenyewe. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na karani hakuweza kusema ovyo juu ya watawala. Basi alifanyaje? Alibuni nchi iliyo angani, akaweka humo mfalme, baraza, na kijana aitwaye Karama aliyeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Hakutaja jina la mtawala yeyote aliye hai, lakini msomaji alielewa neno la haki lililosemwa. Hili ni jibu kwa yule anayeogopa majirani: hadithi ya kubuni ina uwezo wa kusema ukweli wa jambo bila kumtaja mtu.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kabla ya baadhi ya vitabu vyake kutoka. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Vitabu hivyo viliwafikia wasomaji kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuandikwa na kutunzwa. Hadithi iliyo katika karatasi safi, na ambayo watu wanajua kwamba ipo, yaweza kungoja miaka. Iliyo kichwani tu haiwezi kungoja hata usiku mmoja baada ya mwenyewe.

3. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Tafuta sikio moja.

Chagua mtu mmoja wa kumsomea hadithi yako kwa sauti. Asiwe mtu wa kukusifu kwa kila jambo, wala asiwe mtu wa kudharau kila jambo. Usimwulize, "Je, ni nzuri?" Kwa heshima tu atakujibu ndiyo, nawe hutapata faida. Mwulize maswali haya matatu:

(a) Ulichoka wapi?
(b) Hukuelewa wapi?
(c) Ulitaka kujua nini zaidi?

Akijibu, usibishane naye. Andika anayoyasema. Turudi kwa yule mama wa samaki. Hadithi yake ilianza hivi:

"Hapo zamani palikuwa na mtu mwenye tamaa. Tamaa ni kitu kibaya sana, na kila mtu inampasa kuiepuka, kwa sababu tamaa huleta hasara."

Dada yake alisikiliza, kisha akamwambia, "Nilichoka pale mwanzo, nikadhani ni hotuba. Nilizinduka ulipofika kwenye mtumbwi." Mama alirudi nyumbani, akafuta mistari ile, akaanza upya:

"Mtumbwi wa Makame ulirudi alfajiri, lakini Makame hakuwamo. Wavu ulikuwa mkavu."

Umeona tofauti? Sasa kila asikiaye atauliza: Makame yu wapi? Na kwa nini wavu ni mkavu? Mama hakuongeza elimu yoyote ya shule kwa usiku ule mmoja. Aliongeza sikio moja tu. Tena hakufa kwa haya, na safari ya pili alisoma kwa sauti kubwa kidogo.

Hatua ya pili: Iweke kando, kisha mpe mtu aikosoe lugha.

Weka daftari muda wa wiki mbili bila kulifungua. Ukilirudia utaona makosa ambayo hukuyaona. Baada ya hapo mpe mwalimu, au mwanafunzi aliyekutangulia, aangalie tahajia, nukta na mikato. Kinyozi hajinyoi. Hata waandishi mashuhuri hukosolewa na wahariri. Lakini maneno yako ya nyumbani usiyatupe yote. Kama wavuvi wa kwenu wana jina lao la upepo au la samaki, liache. Msomaji atalifahamu kwa jinsi ulivyolitumia, naye atafurahi kulijua.

Hatua ya tatu: Soma mbele ya darasa.

Masikio kumi ni tofauti na sikio moja. Utawasikia wanapocheka, na utawasikia wanaponyamaza. Palipo na kunong'ona na kukohoa, tia alama pembeni ya ukurasa. Hapo hadithi imelegea. Wenzake wamsikilize kwa adabu, na mtu akisema kasoro aseme ya hadithi, asiseme ya mtu. "Sikuelewa kwa nini alikimbia" ni neno la kujenga. "Wewe hujui kuandika" si neno la darasani.

Hatua ya nne: Inakili safi.

Andika upande mmoja wa karatasi. Acha nafasi pembeni na kati ya mistari. Tia nambari kila ukurasa. Ukurasa wa mbele uandike jina la hadithi, jina lako, na anwani. Karatasi hizi zenye hadithi isiyopigwa chapa bado huitwa mswada. Siku hizi wachapishaji wengi hutaka mswada uliopigwa kwa kompyuta na kupelekwa kwa barua pepe. Kama huna kompyuta, watu wa steshenari watakupigia kwa malipo. Usipeleke nakala uliyo nayo moja tu. Siku zote baki na nyingine nyumbani.

Hatua ya tano: Chagua mlango mmoja, upige hodi.

Milango ipo ya namna nyingi. Kuna magazeti na majarida yanayotoa hadithi fupi. Kuna wachapishaji wa vitabu. Kuna mashindano: mathalan Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imepokea hata miswada isiyowahi kutoka kitabu; na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa mwaka 2023. Kabla ya kupeleka, soma masharti yao, kwani mashindano hubadili masharti na tarehe. Hadithi ya kurasa nane usiipeleke kwa wanaotaka riwaya.

Pamoja na mswada peleka barua fupi. Mfano ni huu:

"Ndugu Mhariri,
Salaam. Nakuletea hadithi fupi iitwayo Wavu Mkavu, yenye kurasa nane. Ni hadithi ya kubuni, nimeitunga mwenyewe, wala haijatoka mahali pengine. Naomba uisome, na ukiona yafaa, uitoe katika gazeti lako. Anwani yangu iko juu ya barua hii.
Ahsante."

Basi, inatosha. Usiombe radhi kwa elimu yako. Usiandike "mimi mtu duni nisiyejua lolote". Mhariri anataka kuisoma hadithi, hakukuuliza cheti. Andika tarehe uliyopeleka, kisha anza hadithi nyingine. Mtu aliye na hadithi moja tu hukaa njiani kumngoja tarishi. Aliye na mbili ana kazi ya kufanya.

Hatua ya sita: Jibu la kukataa likija.

Litakuja, ndugu yangu. Mara nyingi huja. Lisome, liweke siku tatu, kisha lisome tena. Kama limetaja kasoro, itengeneze. Kama halikutaja, peleka hadithi mlango mwingine. Kukataliwa ni hukumu ya watu fulani juu ya karatasi fulani kwa siku fulani. Bibi Beatrix Potter wa Uingereza alikataliwa na wachapishaji kadha kwa hadithi yake ya sungura aitwaye Peter. Mwezi wa Desemba 1901 alipigisha chapa nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe, akawagawia na kuwauzia watu. Mwaka uliofuata mmoja katika wale waliomkataa, Frederick Warne, alikitoa kitabu kile, nacho chasomwa mpaka leo duniani kote.

4. MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Juu ya majirani. Usiandike habari ya mtu aliye hai kwa namna ambayo kijiji kizima kitamjua, ukaiita hadithi. Hayo ni masengenyo yaliyovishwa kanzu, na yanaweza kukupeleka mahakamani. Badili jina, kazi, umri na mahali. Changanya watu watatu wawe mmoja. Lakini usiogope kila jicho. Kuna watu watakaojiona katika hadithi hata kama hukuwawaza, kwa sababu tamaa, wivu na huruma vimo katika kila nyumba. Hiyo ni dalili kwamba umeandika jambo la kweli.

Juu ya wizi. Wengine huficha hadithi wakiogopa kuibiwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoiandika kazi yake, si mpaka ipigwe chapa. Nakala yako yenye tarehe, na wanadarasa waliokusikia ukiisoma, ni mashahidi wako.

Juu ya fedha. Mpiga chapa na mchapishaji si watu wa namna moja. Mpiga chapa ni fundi: wewe humlipa, yeye hukupa nakala, na kuziuza ni shauri lako. Mchapishaji huichagua kazi yako, hulipa gharama za kuitoa, huiuza, naye hukupa wewe sehemu ya mauzo, iitwayo mrabaha. Tuseme kitabu chauzwa shilingi 5,000, na mrabaha wako ni asilimia 10. Kila nakala itakupa shilingi 500. Zikiuzwa nakala 300 utapata shilingi 150,000. Si utajiri, usiache kukaanga samaki. Tena mtu akijiita mchapishaji na kudai umlipe fedha nyingi kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, rudi nyumbani na mswada wako. Ukipewa mkataba, usiutie sahihi siku hiyo hiyo. Uchukue, usomeni pamoja na mwalimu, na ulizeni kila neno msilolijua.

MUHTASARI

Ndugu mwanafunzi, ulipoanza darasa hili ulitaka kusoma barua zako mwenyewe bila kumwita mtoto wa jirani. Umefaulu. Lakini kusoma ni nusu ya kazi, maana kila siku wasoma maneno ya watu wengine. Nusu ya pili ni kwamba nao wasome yako. Kuna mambo ya soko lako, ya shamba lako na ya pwani yako ambayo hakuna mwandishi wa mjini ayajuaye kama wewe. Usipoyatoa, hayatatolewa na mwingine.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika zile hofu nne za mama wa samaki, ni ipi iliyo kubwa kwako? Kwa nini?
2. Shaaban Robert alitumia njia gani kusema neno zito bila kumtaja mtu?
3. Eleza tofauti kati ya mpiga chapa na mchapishaji.
4. Kitabu chauzwa shilingi 8,000. Mrabaha ni asilimia 10. Zikiuzwa nakala 50, mtunzi atapata shilingi ngapi?

MANENO YA KUJIFUNZA

Mswada: maandishi ya mtunzi kabla hayajapigwa chapa.
Mhariri: mtu asomaye, achaguaye na asahihishaye maandishi ya kupigwa chapa.
Mrabaha: sehemu ya mauzo anayolipwa mtunzi.
Hakimiliki: haki ya mtunzi juu ya kazi yake.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya somo lijalo, msomee mtu mmoja ukurasa mmoja wa hadithi yako, kwa sauti. Mwulize yale maswali matatu. Andika majibu yake nyuma ya ukurasa huo huo, uje nao darasani.